Nafasi Baada ya Vistari Viwili

Bi Tunsume hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega, akaibwaga kompyuta juu ya meza ya Nyamizi, na sahani ya wali iliyokuwa pale ikaenda sakafuni pamoja na mchuzi wake.

"Umechezea macho yangu," alisema.

Nyamizi aliutazama wali, kisha akamtazama mama yule. Katika mji wote wa Itobwe hapakuwa na Msomaji hata mmoja aliyempenda, na hilo alikwisha lizoea. Wao walisoma amri za mji. Yeye alikitunza kihariri, ile programu ya maandishi waliyosomea. Yeye ndiye aliyekifundisha kihariri kwamba faili hili ni la maji, lile la umeme, lile la hewa, na ndani ya kila faili neno gani liwake na neno gani lififie. Walipomwita Mpaka Rangi hawakuwa wanamsifu.

"Shikamoo, Bi Tunsume. Ungeanza na salamu labda ningekuelewa."

"Salamu kaa nazo. Tazama hapo."

Ilikuwa kompyuta kuukuu, kingo zimemeguka, ya zama ambazo Nyamizi hajaajiriwa. Skrini yake ilionyesha amri ya hewa ya Bonde, upande wa chini wa mji, ile ile iliyosomwa ukumbini asubuhi. Karibu nusu ya mistari ilikuwa nyekundu.

"Yangu imegoma baada ya kusoma, nikaokota hii stoo," alisema Bi Tunsume. "Nimefungua faili la asubuhi nihakikishe jambo. Hebu nisaidie wewe mwenye rangi zako. Mistari hii ni ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Asubuhi ilikuwa ya kijivu. Yote. Nimeiruka kama sheria inavyosema, nimetia kidole changu kuidhinisha, amri imekwenda."

Mdomo wa Nyamizi ulikwisha kuzoea kujibu mashambulizi kabla ya kuyapima. "Kompyuta hiyo ina kihariri cha zamani. Rangi zake hazina maana tena. Na wewe macho yamekuchoka, mama yangu, kila mtu anajua."

"Macho haya yalisoma amri za mji huu wewe ukiwa bado unanyonya." Bi Tunsume aliichukua kompyuta yake, akaukanyaga wali makusudi, akatoka.

Sheria aliyoitaja ilikuwa ndiyo roho ya Itobwe. Mji ule ulijengwa ndani ya korongo na kuezekwa paa juu, kwa sababu jua la nje lilikuwa limefikia kuua mtu kabla hajamaliza kuvuka uwanja. Ndani, watu waliishi kwa baridi iliyotoka kwenye mitambo, na mitambo ilisikiliza amri zilizoandikwa kwa Kiamri, lugha ya mashine. Kizazi kimoja nyuma, amri ambayo hakuna binadamu aliyeisoma ilifunga hewa ya mtaa mzima, na watu wakaokotwa vitandani mwao wamekauka. Tangu hapo ikakatwa shauri: amri yoyote inayogusa pumzi ya mtu isiende mpaka Wasomaji waisome kwa vinywa vyao, kwa sauti, vipaza sauti vya mitaa yote vikiwa wazi.

Lakini amri za siku moja ni maelfu ya mistari. Ndipo rangi zikaingia. Nyekundu ilikuwa mistari inayogusa watu. Hiyo ilisomwa neno kwa neno. Kijivu ilikuwa maelezo, yale ambayo wahandisi huandikiana pembeni ili wakumbuke walichokusudia. Mashine hairuki ila maelezo, na Msomaji naye akaruhusiwa kuyaruka.

Nyamizi aliokota wali, akafuta sakafu, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akafungua jalada la fasili za aina za mafaili.

Fasili hizo alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani. Kila aina ya faili ilikuwa na ukurasa wake. Juu kabisa, jinsi kihariri kitakavyoitambua: kwa kiendelezo, yaani yale maneno baada ya nukta mwishoni mwa jina, au kwa mstari wa kwanza wa faili lenyewe. Chini yake, kanuni za rangi, moja baada ya moja. Kihariri huzipitia kuanzia juu, na kanuni ya kwanza inayokubali ndiyo inayoshinda; zinazofuata hazipati hata nafasi ya kusema.

Aina ya hewa ilikuwa sawa, jinsi alivyoiacha. Alikuwa karibu kufunga na kumcheka Bi Tunsume moyoni pale alipoona, chini yake, aina nyingine ambayo hakuiandika. Ilikuwa nakala ya ile ya hewa, ila utambulisho wake ulisema: faili lolote ambalo mstari wake wa kwanza una neno Bonde.

Alisoma kanuni zake pole pole. Nyekundu ilikuwa mahali pake. Bluu ya namba ilikuwa mahali pake. Kanuni ya maelezo ilikuwa imepandishwa ikawa ya kwanza, nayo ilisema: chochote kinachoanza na vistari viwili, kipake kijivu.

Akairudia. Vistari viwili.

Kwenye aina ya asili, kanuni ilisema vistari viwili na nafasi. Nafasi hiyo moja, ule upenyo mtupu usioonekana, ndiyo iliyotenganisha maneno ya watu na maneno ya mashine. Katika Kiamri, vistari viwili vikifuatwa na nafasi ni maelezo, na mashine huyapita. Vistari viwili vikigandana na neno, bila upenyo, ni kitenzi: punguza.

Alifungua amri ya asubuhi ile katika programu nyingine isiyojua rangi wala aina, maandishi matupu meusi. Akaona kile ambacho Bi Tunsume alikiruka. Vistari viwili, baridi. Vistari viwili, baridi. Mlango wa hewa baada ya mlango wa hewa, mtaa baada ya mtaa, Bonde lote lilikuwa linapunguziwa baridi, na amri zilizotangulia zilikuwa hivyo hivyo kurudi nyuma zaidi ya mwezi.

Mwisho wa ule ukurasa wa fasili, mahali pa mwandishi, paliandikwa Nyamizi Kasogela.

*

Ofisi ya Mhandisi Mkuu Rwegoshora ilikuwa na joto la jikoni. Nyamizi alitarajia kukuta baridi ya kugandishia nyama. Badala yake alimkuta mzee mwenyewe ameketi na fulana, shati limetundikwa kwenye kiti, jasho likimchuruzika shingoni. Mlango wa hewa wa ofisi ulikuwa umezibwa kwa gundi.

"Nilijua utakuja," alisema bila kumkaribisha kiti. "Tunsume amepiga kelele korido nzima."

"Jina langu limefikaje kwenye fasili ambayo sikuiandika?"

"Kila fasili hutoka na jina la idara, na idara ni wewe. Nilitumia ufunguo wangu. Nina haki ya kufungua kila mlango hapa."

"Na haki ya kuwachemsha watu?"

Rwegoshora alijifuta uso. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana mtu aliyekasirishwa na kuchelewa kwa mgeni mjinga. "Mitambo miwili imekufa, Bi Nyamizi. Vipuri havipo na havitakuja. Baridi iliyobaki haitoshi mji. Baridi ni nzito, ukiiacha yenyewe inateremka Bonde na kulala huko kama maji kwenye beseni. Mwinuko, huku juu, hubaki mkavu. Na hospitali iko wapi?"

Hospitali ilikuwa Mwinuko.

"Nilipeleka ombi kwa Wasomaji waziwazi, kwa rangi zako nzuri nyekundu, kwamba Bonde lipunguziwe ili hospitali isimame. Wakakataa. Nikapeleka tena, wakakataa tena. Kukataa ni rahisi, unakaa kwenye kiti unasema hapana, unakwenda nyumbani kula. Nani aliniambia basi nichukue wapi? Hakuna. Nimefunga hewa yangu. Nimefunga ya ofisi zote za wahandisi. Haikutosha."

"Watu wa Bonde wanakufa."

"Wachache, wazee zaidi. Wodi ikipata joto watakufa wote waliomo." Aliinamia mbele. "Mumeo bado yuko chumba cha mwisho, upande wa kushoto?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Nenda ukaseme," aliendelea. "Sikuzuii. Simama ukumbini, waambie kijivu kilikuwa uongo. Watauliza nani alipaka. Watasoma jina. Wakimaliza na wewe wataamuru Bonde lifunguliwe, na wewe utapanda wodini kumtazama Kashindye anavyoondoka. Mimi nimechagua na ninalala. Nawe chagua, uone kama utalala."

Kashindye alikuwa fundi wa mabomba. Mwaka uliopita alitoka nje ya paa kuziba ufa, kamba yake ya usalama ikanasa, jua likampata kabla wenzake hawajamvuta. Alipona ngozi, lakini mwili wake ulisahau kujipoza. Hatoki jasho. Chumba kikipata joto kidogo, damu yake hupanda joto nacho, kama jiwe lililowekwa juani. Nyamizi alikuwa amempigania kitanda kile kwa kelele, kwa machozi, na kwa kumtukana daktari mmoja aliyestahili na mwingine asiyestahili.

Alitoka ofisini kwa Rwegoshora.

Asubuhi iliyofuata Bi Tunsume alikuwa anamsubiri mlangoni, safari hii kimya, mikono ameifumbata. Karibu naye walisimama Wasomaji wawili wengine.

"Umekagua?"

"Nimekagua," alisema Nyamizi. "Kihariri cha zamani kinasoma vibaya. Ni kama nilivyokuambia."

Bi Tunsume alimsogelea. "Apa."

"Mimi si mtoto wa kuapishwa kwenye korido."

Ilitosha. Kabla ya saa ya kusoma, tangazo likaja kutoka kwa Mhandisi Mkuu kwamba Msomaji Tunsume apumzishwe kwa sababu ya macho, kama alivyoshauri mtunza kihariri. Wenzake walimsindikiza hadi nje. Alipopita karibu na Nyamizi alitema mate, si juu yake, ila karibu ya kutosha. Amri ya siku ile ikasomwa, ikatiwa vidole, ikaenda.

*

Mchana alipanda wodini. Kashindye alikuwa macho, amefunikwa shuka nyepesi, uso kauelekeza juu kwenye mlango wa hewa.

"Kaa kimya," alisema kabla Nyamizi hajamwamkia. "Sikia."

Nyamizi alisikia mluzi mwembamba wa hewa, ule ule wa siku zote.

"Nimekuwa nikiusikiliza kwa wiki nyingi, nikidhani ni homa. Hewa iliyogawanywa vizuri haipigi mluzi hivi. Inapiga mluzi ikisukumwa yote njia moja. Nimefunga na kufungua ile milango miaka yote, Nyamizi, naijua sauti yake. Bonde limefungwa."

"Pumzika."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi nakuuliza. Baridi hii ni ya nani?"

Angeweza kusema uongo. Asubuhi alikuwa ameusema na haukumuua. Lakini Kashindye alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumwinulia sauti hata siku moja, na sasa macho yake yalikuwa ya mtu anayemtazama mwizi dirishani. Akamweleza. Vistari, nafasi, jina lake, Rwegoshora. Akamweleza na ya Bi Tunsume.

Alipomaliza, Kashindye aligeukia ukutani.

"Shangazi yangu anakaa Bonde," alisema kwa ukuta.

"Najua."

"Wale vijana walionivuta kwa kamba wanakaa Bonde. Umenilaza juu ya vifua vyao halafu unaniletea uji."

"Ulitaka nifanye nini? Nikuue?"

"Sikuambii ufanye nini. Toka tu, mke wangu. Baridi hii nikiitazama na wewe ukiwa ndani yake siwezi kuivumilia."

Muuguzi aliingia akakuta bakuli la uji bado limejaa, akauliza kama mgonjwa amekataa kula.

Nyamizi aliteremka ngazi akiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu ya Kashindye. Ilikuwa rahisi kwake kugeukia ukuta, yeye aliyekuwa amelazwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupozwa tu. Alimkasirikia mpaka jioni. Alipika, hakula. Na mahali fulani katikati ya kuosha sufuria ambayo haikuchafuka, hasira ikamwishia mkononi, akabaki amelishika dodoki, akijua kwamba alikuwa amekwisha kata shauri tangu pale kitandani, na kwamba kilichobaki ni woga.

*

Wasomaji waliingia ukumbini asubuhi kwa desturi yao, wakaketi, wakafungua skrini. Nyamizi alikuwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, mahali pake pa kila siku. Alikuwa na njia fupi: kurudisha ile nafasi moja kwenye kanuni, na mistari ya Bonde ingewaka nyekundu. Aliifikiria, akaiacha. Rwegoshora angeweza kuiondoa tena kesho, kwa ufunguo ule ule, kwa jina lile lile.

Akafuta fasili zote. Ya hewa, ya maji, ya umeme, na ile ya Bonde. Akafuta utambulisho, viendelezo, kanuni, kazi yake ya miaka tisa, akathibitisha kila ukurasa mmoja mmoja kwa sababu kihariri kilimuuliza kila mara kama ana hakika.

Upande wa pili wa kioo, rangi zilizimika. Faili ambalo kihariri hakilijui aina yake hufunguliwa kama maandishi matupu, na maandishi matupu yote ni meusi.

Msomaji wa zamu, bwana mnene aitwaye Mwaluko, aliigonga skrini yake kwa kidole. "Nini hiki? Mpaka Rangi, umefanya nini?"

Nyamizi alifungua kipaza sauti chake. "Hakuna rangi leo. Sheria inasema mstari usio na rangi usomwe kwa sauti. Someni yote."

"Yote? Tutamaliza kesho."

"Anzeni na Bonde."

Mlango wa nyuma yake uligongwa kwa nguvu. Alikuwa ameufunga. Sauti ya Rwegoshora ilikuja kupitia mbao, haikupanda. "Bi Nyamizi, fikiria wodi." Kisha, alipoona mlango haufunguki, "Leteni nyundo."

Mwaluko alikuwa mvivu, lakini sheria aliijua, na vipaza sauti vya mitaa vilikwisha kufunguliwa. Akakohoa, akaanza kusoma. "Mlango wa kwanza wa hewa, Bonde. Vistari viwili baridi." Akasita. "Hakuna nafasi hapo. Hii si maelezo. Hii ni punguza." Akasoma wa pili, punguza. Akasoma wa tatu. Kufikia wa kumi sauti yake ilikuwa imebadilika, na Wasomaji wengine walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake wakifuata kwa vidole, na mji mzima, juu na chini, ulikuwa unasikia jina la kila mlango wa Bonde likitajwa na neno lile moja likifuata.

Nyundo ilivunja kitasa. Askari wawili walimshika Nyamizi mikono, ingawa hakuwa akienda popote. Rwegoshora aliingia, akatazama kupitia kioo, akaona amechelewa. Alivuta kiti akaketi.

"Haya," alisema. "Sasa waambie wao waamue. Tuone."

Wasomaji waliamua kabla ya mchana. Walikataa amri, na amri iliyokataliwa hufa papo hapo. Milango ya Bonde ikafunguka. Walimsimamisha kazi Rwegoshora. Walimsimamisha na Nyamizi, kwa jina lililokuwa chini ya fasili na kwa uongo aliomwambia Bi Tunsume, ambaye alirudishwa ukumbini na kuketi bila kumtazama. Ndipo daktari mkuu alipoingia akihema na kuuliza, mbele ya wote, wagonjwa wake wapelekwe wapi.

Aliyejibu alikuwa Rwegoshora, kutoka kwenye kiti chake, na uchovu mtupu ulikuwa kwenye sauti yake. "Baridi imeteremka. Wateremsheni wafuate baridi."

*

Wagonjwa waliteremshwa kwa machela za magurudumu, kwenye barabara ya mzunguko inayoshuka korongoni. Waliokuwa na ndugu walisukumwa na ndugu zao. Nyamizi alimsukuma Kashindye. Hewa ya Mwinuko ilikuwa imekwisha geuka, nzito, ya kubana koo, na uso wa mumewe ulikuwa mkavu na mwekundu kama tofali. Macho alikuwa ameyafumba. Nyamizi hakujua kama hakutaka kuzungumza au hakuweza.

Geti la Bonde lilikuwa limefungwa. Askari wake walikuwa wamekimbia au wamefukuzwa, na nyuma ya nondo walisimama watu wa mtaa, wengi, kimya, wale waliokuwa wamesikia majina ya milango yao yakisomwa. Kutoka miguuni mwao baridi ilipenya chini ya geti ikamgusa Nyamizi vifundoni.

Mbele yao alisimama mwanamke wa makamo mwenye khanga iliyofungwa kiunoni. Alikuwa mjumbe wa mtaa, jina lake Chausiku. Wengine walilitaja walipokuwa wakimuuliza wafanyeje.

"Mwezi mzima tumebisha hodi huko juu," Chausiku aliwaambia waliokuja na machela. "Tuliambiwa mitambo iko sawa, tunywe maji. Leo mnatuletea wagonjwa."

"Hawa hawakufunga hewa yenu," alisema daktari.

"Najua hawakufunga. Nani alifunga?" Macho yake yalipita nyuso, yakasimama. Mtu mmoja nyuma yake alikuwa amemnong'oneza. "Wewe ndiye Kasogela?"

"Ndimi."

Minong'ono ilipanda nyuma ya nondo. Jiwe lilirushwa, likagonga magurudumu ya machela. Chausiku aliinua mkono bila kugeuka, na jiwe la pili halikuja.

"Ulipaka wewe?"

"Sikupaka mimi. Lilitumika jina langu."

"Ulijua lini?"

Nyamizi aliangalia uso wa Kashindye, kisha akamwangalia mwanamke yule. Lilikuwa swali moja tu, na ndilo aliloogopa njia nzima.

"Juzi mchana."

Chausiku alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu asiyotaka jibu lake. "Juzi mama yangu alikuwa anaongea," alisema. "Jana asubuhi aliomba chai. Alikata roho jana jioni. Tumemzika leo, tukiwa tunasikia mnasoma."

Nyamizi alitafuta neno la pole na akaliona halina mahali pa kusimama. Alilisema hata hivyo. Halikupokewa.

Chausiku alitoa komeo. Geti lilisogea, pana kiasi cha machela moja. "Mgonjwa aingie," alisema. "Wagonjwa wote waingie, na waganga wao, na ndugu zao. Huyu abaki."

"Mama," daktari alianza, "huyu ndiye aliyesababisha ikajulikana—"

"Nimesikia alichosababisha. Huyu abaki."

Nyamizi aliachia vishikio. Mwanamume mmoja wa Bonde alivishika upande wa pili, kijana mwenye makovu ya kamba viganjani, akamtazama mgonjwa na kulitaja jina la Kashindye kwa mshangao. Nyamizi alimweleza, haraka, kabla geti halijajaa watu. Asilazwe chali. Midomo iloweshwe kwa kitambaa, asipewe maji mengi kwa mara moja. Akisema hana kiu asiaminiwe. Kijana aliitikia kila neno.

Kashindye alifumbua macho wakati magurudumu yakivuka kizingiti. Alimtafuta, akamwona upande wa nje. Mkono wake uliinuka kidogo juu ya shuka, Nyamizi hakuweza kujua kama ni wa kumwita au wa kumuaga, kisha umati ukamficha.

Machela nyingine ziliingia, moja baada ya moja, nyuma yake ndugu waliompita bila kumgusa. Ya mwisho ilipopita, daktari alisema bado kuna wagonjwa juu, wale wasio na mtu, na wasukumaji hawatoshi. Alisema hivyo akiitazama barabara, hakumtazama mtu.

Kijana wa makovu alirudi akaisukuma ile machela tupu ya Kashindye nje ya geti, kwa mguu, ikaja ikasimama mbele ya Nyamizi. Shuka lilikuwa bado lina umbo la mgongo wa mumewe. Chausiku alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye komeo, akingoja aone atafanya nini.

Nyamizi alilikunja shuka, akaishika machela, akaigeuza, akaanza kuipandisha kuelekea kwenye joto.